Kumlilia Mtu Mdogo wa Kisimani

Kila nipitapo kwenye nyumba yenye msiba, mwanangu, huikumbuka siku moja ya zamani, na nikiikumbuka hutabasamu. Jambo hili limeshanitia aibu mara kadhaa. Watu wanalia, mimi natabasamu. Basi leo nieleze, ili siku ukiniona hivyo usiseme bibi Kabula kaanza kuzeeka vibaya.

Kilichonisukuma ni kijana wa jirani yangu hapa Kagongwa, aliyefiwa na mama yake majuzi. Turubai limejaa watu, wanawake wanalia, yeye kajikalia nyuma ya nyumba na simu yake, anacheza gemu. Wazee wakawa wanamfuata mmoja baada ya mwingine kumsema. "Huna uchungu wewe?" Mjomba wake akaona maneno hayatoshi, akampokonya ile simu. Nilitamani kusema neno, lakini msibani kila mtu ni mzee, na mimi muuza mchele nani atanisikiliza? Nikarudi nyumbani na neno langu kooni. Ndilo hili ninalokupa.

Mimi nilikulia Shinyanga, kwenye kota za mgodi ambako baba yangu alikuwa fundi umeme. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Fundi mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia Baba kompyuta. Usifikirie kompyuta unayoijua wewe. Hii ilikuwa kidude cheusi kilicholala mezani, chenye vitufe vya mpira laini kama kifutio. Kioo haikuwa nacho. Ulikiunganisha na runinga. Kumbukumbu haikuwa nayo pia. Ulikiunganisha na redio ya kaseti, ukaweka kaseti, ukabonyeza, kikaanza kusoma kwa kelele za kukwaruza zilizotia meno ganzi. Ukingoja na kuomba Mungu, gemu hutokea. Ukizima, kimesahau kila kitu, unaanza upya. Mjukuu wangu anasema kumbukumbu yote ya mashine ile haitoshi kubeba picha moja ya simu yake. Sawa. Na yeye tumbo lake zima halitoshi kubeba ugali tuliokuwa tunakula sisi.

Runinga yenyewe ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe. Miaka ile bara hakukuwa na kituo chochote cha televisheni, kwa hiyo runinga yetu haikuwa na kazi nyingine duniani ila kutuonyesha gemu lile moja. Lilikuwa la mtu mdogo mwenye kofia, anayeshuka ndani ya kisima kikavu kutafuta vipande vya kengele iliyovunjika. Kisima kilikuwa na vyumba vingi, kimoja chini ya kingine. Mtu mdogo anaruka kutoka ukingo huu hadi ule, anakwepa popo, anapanda ngazi, anashuka. Akianguka kutoka juu sana, anametameta kidogo halafu hayupo. Chini ya kioo kulikuwa na vikofia vilivyopangwa; kila akifa, kikofia kimoja kinaondoka, na mtu mdogo mwingine anasimama pale pale mwanzo wa chumba, mzima wa afya. Vikofia vikiisha, unarudi juu kabisa mdomoni mwa kisima. Sisi watoto tulilipenda mpaka tukalisahau jua.

Sasa sikiliza. Baba alikuwa na mdogo wake mmoja, Makoye, ambaye mimi nilimwita Baba Mdogo. Yeye alilima tumbaku kule Ushetu, na kiangazi akienda kuchimba dhahabu machimbo ya upande wa Segese, kama wanaume wengi walivyofanya. Mwaka mmoja duara alilokuwamo lilibomoka. Duara ndilo shimo lenyewe la wachimbaji, linakwenda chini wima, wamelizuia kwa magogo tu. Magogo yalishindwa. Baba akaondoka kazini siku hiyo hiyo kwenda kumtoa ndugu yake, akampeleka Ushetu, akamzika. Yeye ndiye aliyesimamia yote: sanda, chakula, kuni, wageni, mpaka tanga likaondolewa. Watu walimsifu sana. "Mwanamume huyu," walisema, "hakutikisika hata kidogo."

Alipokuja nyumbani alikuja na Masele, mtoto wa marehemu, ili asome Shinyanga huku mama yake akihangaika na tumbaku na watoto wadogo. Masele alikuwa wa umri wangu, mwenye masikio makubwa na kicheko cha kuambukiza. Ila kicheko hakuja nacho safari ile. Kwenye mazishi ya baba yake hakutoa chozi. Alipofika kwetu alisalimia, "Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama," akala kidogo, akaketi mbele ya ile runinga. Akaketi hapo hapo siku ikaisha, na ya pili, na ya tatu.

Mwanzoni nilifurahi, nimepata mwenzangu wa kucheza. Kumbe sikupata mtu. Masele alicheza kimya, haulizi zamu, hashangilii, hagombani. Mama akimwekea chakula kinapoa. Shuleni mwalimu akimwita haitiki. Akaanza kukonda mpaka yale masikio yakazidi kuwa makubwa. Mama alikuwa akimtazama kutoka mlangoni halafu anarudi jikoni akifuta macho na kanga. Nilimsikia akimwambia Baba, "Baba Kabula, huyu mtoto anatutoka. Amekaa pale lakini anatutoka." Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu mfiwa hakuanza, basi na sisi wengine tukabaki na vilio vyetu mikononi, hatujui pa kuviweka.

Na kuna jambo nililigundua mimi peke yangu kwa kuwa nilikaa naye. Kulikuwa na chumba kimoja chenye ukingo unaobomoka. Mtu mdogo akiukanyaga, unaanza kumomonyoka chini ya miguu yake. Lazima uruke upesi. Masele alikuwa anajua kuruka. Nilimwona kwa macho yangu akiuvuka vizuri siku ya kwanza. Baadaye akawa hauruki tena. Anamfikisha mtu mdogo pale juu ya ukingo, anaondoa kidole, anamwacha. Ukingo unabomoka, mtu anaanguka. Anatokea mwingine. Masele anampeleka pale pale. Mchana kutwa.

Watu wa kota wakaleta mashauri yao, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ila mashauri kila mtu anayo. Mmoja akasema mtoto apelekwe kanisani akaombewe. Mwingine akasema kuna mganga mzuri ng'ambo ya reli. Wa tatu akasema ni ile mashine, ina kitu. Baba aliwasikiliza wote. Alasiri moja akarudi kutoka kazini, akamkuta Masele palepale na sahani ya mchana haijaguswa. Akaenda moja kwa moja ukutani, akachomoa waya. Runinga ikajifinya ikawa kitone cheupe, kikazimika.

"Baba yako amekufa, Masele," akasema. "Amekufa, nimemzika kwa mikono yangu. Upuuzi huu hautamrudisha. Amka ukale."

Masele hakulia. Alibaki akitazama kioo cheusi. Usiku ule hakula, na kesho yake hakuinuka kitandani. Mama alimnywesha uji kwa kijiko kama mgonjwa. Ndipo Baba, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa, akatuma ujumbe Ushetu kwa dereva wa lori, kumwita Bibi, mama yake mwenyewe.

Bibi alikuja na kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na fimbo yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kumbuka, mwanangu, kwamba aliyekufa alikuwa mwanawe wa kumzaa. Hatukumpa nafasi ya kuketi. Mama alimweleza yote kwa pumzi moja. Bibi akasikiliza, halafu akamgeukia Baba mbele yetu sote.

"Wewe ndiye uliyezima?"

"Ndiyo, Mayu," akajibu Baba. Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Mtoto ameingia shimoni, kamba yake ni ile moja tu, wewe mtu mzima unaikata? Halafu unamwambia panda?" Baba akainamisha kichwa. Mtu aliyeamrisha mafundi kumi kazini, akasimama anakemewa kama mtoto aliyepoteza mbuzi. "Kaiwashe hiyo mashine yenu."

Baba akaiwasha. Kaseti ilipoanza kukwaruza, Bibi aliruka akashika fimbo. "Nani anachinjwa humo?" Mimi nikacheka, na kicheko changu kikanitisha, kwa maana nyumba yetu ilikuwa imeshasahau sauti hiyo. Masele aliisikia mashine kutoka chumbani. Akatoka pole pole, amejifunga shuka, akaketi mahali pake. Bibi akaketi chini kando yake, akanyoosha miguu. Hakumgusa, hakumpa pole, hakumwuliza kama amekula. Akatazama tu.

Masele akamshusha mtu mdogo chumba hadi chumba mpaka kwenye ule ukingo. Akaondoa kidole. Mtu akaanguka, akametameta, akatoweka. Mwingine akatokea, na vidole vya Masele vikaanza.

"Ngoja," akasema Bibi. "Yule amekwenda wapi?"

"Amekufa, Bibi."

"Amekufa? Na ninyi mnaendelea na kazi?" Akaonekana ameudhika kweli, na mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza. "Toa mikono hapo. Kwetu mtu akifa jembe halishikwi. Umeona wapi watu wanalima na maiti iko ndani?"

Hili, mwanangu, ni la kwetu Usukumani. Ukisikia kilio kijijini unaacha jembe pale lilipofika. Anayekwenda shambani siku hiyo atatozwa faini na wenzake, na kusemwa juu. Sote tulilijua tangu tumezaliwa. Lakini nani angelipeleka kwenye runinga? Masele akamtazama Bibi kwa mara ya kwanza. Akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Bibi akakielekea kioo, akasema kwa upole kabisa, "Pole, baba. Umeanguka vibaya." Tukakaa. Yule mtu mdogo mpya akasimama mwanzo wa chumba anangoja, popo wanapita. Baada ya kitambo Bibi akasema, "Haya, sasa tuendelee."

Ikawa hivyo siku nzima, na siku zilizofuata. Kila akianguka, mikono chini, Bibi anatoa pole, tunakaa. Nikwambie ukweli, ilichosha. Mimi zamu yangu ikifika nilikuwa naomba Mungu nisife, kwa uvivu wa matanga. Masele alikasirika. Mara moja alisema kwa hasira, "Bibi, huyu si mtu, ni picha tu!" Bibi akamjibu, "Picha ya nani?" Masele akampa mgongo. Lakini nilifurahi sana moyoni, kwa sababu kukasirika ni jambo la watu walio hai, na siku hiyo alikula nusu sahani.

Alasiri moja Masele akamfikisha tena mtu mdogo kwenye ukingo, akamwacha. Mikono chini. Bibi akatoa pole yake. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kabula ananiambia unajua kuruka hapo. Mbona humrushi?"

Masele akakaa kimya muda mrefu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi niliuona ukija.

"Nataka nimwone anavyorudi," akasema. "Huyu akianguka anarudi, Bibi. Kila mara anarudi."

Macho ya Bibi yalikuwa yamejaa, na yalikuwa macho ya mama aliyezika. "Harudi, ng'wana wane," akamwambia, yaani mwanangu. "Anayekuja ni mwingine. Yule wa kwanza hatukumlilia. Tulimpita tu."

Hapo Masele akasema lile lililokuwa limemkaa kifuani. Alfajiri ile baba yake alipoondoka kwenda machimboni, yeye alikuwa amenuna kwa kuwa aliomba waende pamoja akakataliwa. Baba yake akaja kitandani, akamshika mguu, akasema, "Masele, nakwenda." Naye akajifanya amelala. Baba yake akamsubiri kidogo, akaondoka. Hilo tu. Hilo ndilo lililokuwa linamla mtoto mchana na usiku, na sisi tulikuwa tunamletea ugali.

Akalia, mwanangu. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja mlangoni wakidhani kuna msiba mpya. Bibi akamvuta kifuani, naye akalia, wakalia pamoja, mama wa marehemu na mtoto wa marehemu. Alimwambia katikati ya kilio, "Alijua hukulala. Nimemzaa mimi, namjua. Na yeye alikuwa akifanya hivyo hivyo akininunia, na mimi nikimshika mguu hivyo hivyo." Mama akawafukuza majirani kwa heshima, kisha akaja akaketi nasi chini, akalia na yeye. Mimi nililia pia, nusu kwa Baba Mdogo, nusu kwa furaha.

Tukiwa tumetulia, macho yamevimba, tumechoka vizuri, Baba akaingia kutoka kazini. Akasimama mlangoni na mkoba wake wa vifaa. Akatuona. Akamwona Masele ana uso uliolowa, akaelewa. Akaweka mkoba chini. Nilidhani atapita kwenda kunawa kama kawaida yake, maana hakuwa amewahi kuligusa gemu lile hata mara moja. Badala yake akaja akaketi katikati yetu, mwanamume mzima na buti zake, akamwambia Masele, "Nionyeshe na mimi."

Masele akamwonyesha: hiki kitufe kushoto, hiki kulia, hiki kuruka. Baba akaweka vidole vyake vya fundi juu ya vile vitufe vya mpira. Hakufika popote. Kwenye ukingo wa kwanza kabisa, ule ambao hata mtoto mdogo huuvuka, aliruka kwa kuchelewa. Mtu mdogo akaanguka.

Sote tukaondoa mikono yetu, tukaiweka mapajani. Baba akatutazama, hakujua desturi. Masele akamshika mikono yake pole pole, akaishusha.

"Pole, mwanangu," akasema Bibi. Safari hii hakukitazama kioo. Alimtazama yeye.

Baba alifungua mdomo kama anayetaka kusema, "Si neno." "Nilisimama pale juu, Mayu," akasema. "Nilifika, wakaniambia yuko chini, na mimi nilisimama tu pale juu." Halafu yule mwanamume ambaye watu walimsifu kwamba hakutikisika, akamlalia mama yake begani, akamlilia mdogo wake. Na Masele, mtoto aliyekuja kwetu kufarijiwa, akawa anampapasa mgongoni akisema, "Pole, Baba Mkubwa. Pole."

Basi hiyo ndiyo siku yangu. Masele leo ni mzee mwenzangu huko Ushetu, ana wajukuu tele, na anaongea mpaka watu wanaomba kuaga. Lile gemu hatukulimaliza kamwe. Redio ilikuja kuitafuna kaseti, tukaomboleza nayo kidogo.

Sasa shika haya. Mwenye kovu usidhani kapoa, na asiye na chozi usidhani hana uchungu. Ukimkuta mfiwa amejichimbia mahali, iwe kwenye simu, iwe kwenye kazi, iwe kwenye usafi wa nyumba, usimpokonye. Huko alikojificha ndiko maumivu yake yaliko pia. Nenda kaketi naye huko huko, hata kama hukuelewi, hata kama kunakuchosha. Uliza swali dogo, halafu uwe na subira na jibu. Na wewe kijana uliyefiwa, siku moja ondoa mikono kwenye hiyo kazi unayojisahaulishia, umruhusu aliyeanguka awe ameanguka. Usimpite tu. Tena usisahau yule anayesimamia msiba, anayehesabu sahani na kupanga viti. Watu humsifu kwa kuwa hatikisiki, na hakuna anayemwuliza zamu yake ya kulia itafika lini. Mwulize wewe.

Mungu akulinde na misiba, mwanangu, na kwa kuwa misiba haizuiliki, akujalie wa kuketi nawe chini bila haraka. Akupe chozi wakati wake na kicheko baada yake. Wanaokuaga alfajiri wakukute macho. Wabeja, asante, nenda salama.